Tango, Kihispania na Juni ya Gundi

Jumatatu, 3 Machi

Imeamuliwa. Juni nakwenda ng'ambo! Wiki tatu nzima za kucheza tango na kusema Kihispania na watu waliozaliwa nacho. Nina miaka hamsini na mmoja na sijawahi kupanda ndege.

Anayetupeleka ni Mwalimu wa dansi, anayetufundisha kila Jumamosi katika ukumbi ulio juu ya duka la magodoro. Jozi sita. Moja ni mimi na mke wangu. Mwanzoni nilimburuta darasani. Sasa ananishinda kucheza, jambo ambalo sitaliandika mara ya pili.

Kikwazo ni kimoja. Masjala yetu ina makarani wawili, mimi na Gundi, na ni marufuku wote wawili kuwa likizo kwa wakati mmoja. (Jina la Gundi nilimpa mimi, kwa jinsi anavyoganda kwenye kiti.) Gundi amechukua Juni miaka kumi na mmoja mfululizo. Na haendi popote! Anakaa nyumbani kutengeneza redio mbovu. Ratiba ya likizo inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14.

Mke wangu alikuwa anakunja shuka nilipomweleza. Alisema kwa upole kwamba amengoja miaka ishirini na miwili nimtoe nje ya mji huu, na kwamba nisipopata likizo atakwenda bila mimi. Mwalimu atamtafutia mwenza. Mwenza huyo namjua. Ni Daktari wa Meno: mgongo umenyooka, viatu vinang'aa, na kila Jumamosi yuko benchini anangoja mtu ateguke mguu.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: kumfanya Gundi aichukie Juni. Nilimwambia nimesikia mwaka huu Juni itakuwa na joto la kuua mtu. Alinishukuru. Alisema redio zilizoingia maji hukauka vizuri kwenye joto.

Mpango wa pili: kuisifu Agosti. Nikaisifu mpaka koo likanikauka. Gundi akasema Agosti ndio mwezi wa kufunga mafaili ya mwaka, na yeye hawezi kuniachia mzigo huo peke yangu. Mtu huyu ana wema unaochosha.

Jioni nimebandika vikaratasi vya Kihispania kwenye kila kitu nyumbani. Mlango, kiti, sufuria, pasi, dirisha. Mke wangu alivijua vyote kabla hatujaketi kula. Mimi nimeshika kiti.

Jumatano, 5 Machi

Nilikuwa kati ya rafu, nimelikumbatia boksi la mafaili, nafanya ile hatua ya kuzunguka, mara Afisa Utumishi akaingia. Aliuliza naumwa nini. Nikamwambia najiandaa kwenda ng'ambo kwa ajili ya tango. Akauliza kwani sokoni yamekwisha. Nilipomweleza kuwa ni dansi, alilitazama boksi kwa huruma.

Nikaona nimalize kabisa, nikamuuliza habari ya Juni. Alisema ataamua tarehe 14, kwa kufuata karatasi zitakazokuwa mezani kwake. Karatasi zitakazokuwa mezani! Na nani hupeleka karatasi mezani kwake? Mimi. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Leo asubuhi Gundi ameweka bahasha ya khaki kwenye trei ya Afisa Utumishi. Imefungwa kwa gundi, kama ilivyotarajiwa. Juu ameandika: KUHUSU LIKIZO YA JUNI.

Trei niliipeleka juu saa nne kamili, kama kazi inavyonitaka. Ila ilipungua bahasha moja.

Sikuichana. Mimi si mhalifu. Niliiteremsha kwenye ghala la chini, yalipolala mafaili elfu sita yaliyofungwa, nikaiingiza katikati ya faili moja. Nilichagua kwa makini lile ambalo hakuna binadamu atakayelikumbuka. Katika rejista sikuandika kitu. Nilifuta hata vumbi la rafu, alama za vidole zisionekane. Kazi safi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimecheza kama mtu mwenye Juni mfukoni. Mwalimu alisimamisha muziki akawaambia wenzangu wanitazame, maana ni mara ya kwanza sijaangalia miguu yangu. Mke wangu aliegemeza kichwa begani kwangu akacheka taratibu. Sikumbuki mara ya mwisho alipocheka hivyo. Daktari wa Meno alikuwa benchini, anasugua kiatu kilichokwisha kung'aa.

Nina furaha. Naiandika kama ilivyo.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa.

Afisa Utumishi ameniita ofisini kwake, akanionyesha kiti, na mtu akionyeshwa kiti mle ndani ajue amekwisha. Alisema anasikitika. Kumbe Gundi haombi Juni kila mwaka. Alishaiomba mara moja tu, miaka kumi na mmoja iliyopita, na ombi lake linasimama mpaka yeye mwenyewe aliondoe kwa maandishi. Alikuwa ameahidi kwa mdomo kwamba ataliondoa na kuniachia mimi. Barua ndiyo haijafika.

Nilishuka ngazi bila kuzihesabu. Gundi alishangaa sana. Barua aliiandika, akaiweka kwenye trei Ijumaa asubuhi. Nikamsihi aandike nyingine, dakika mbili tu, kalamu hii hapa. Aliisukuma kalamu pembeni. Alisema ana miaka thelathini ya masjala na haijawahi kupotea karatasi mkononi mwake, na kuandika barua ya pili ni kukiri kwamba ya kwanza imepotea. Itafutwe.

Basi ningeshuka tu ghalani niichukue. Lakini nilichagua faili ambalo hakuna atakayelikumbuka. Na mimi ni miongoni mwa wasiolikumbuka.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbili ghalani. Nimefungua mafaili elfu mbili na mia nne. Nayahesabu kwa Kihispania ili muda usipotee bure, ila najua mpaka thelathini tu, kwa hiyo kila nikifika thelathini naanza upya. Gundi ananisaidia kwa bidii inayoniumiza. Ameniletea kitambaa cha kufunga puani.

Nimemwambia mke wangu kwamba kuna kijitatizo kidogo. Hakugomba. Aliingia chumbani akafunga mlango, kisha nikasikia viatu vyake vya dansi sakafuni. Hatua, hatua, kituo. Alikuwa anafanya mazoezi peke yake, na hakukosea mahali hata pamoja.

Naogopa. Nimejiona mwezi Juni nimekaa nyumbani na vikaratasi vyangu, nasoma dirisha, nasoma pasi, na yeye yuko huko amekumbatiwa na mwenye mgongo ulionyooka.

Alhamisi, 13 Machi

Imepatikana! Saa tisa mchana, ndani ya faili la mabomba ya maji yaliyong'olewa kabla sijaajiriwa. Niliibusu. Nilipogeuka, Gundi alikuwa nyuma yangu.

Alilitazama faili. Akaitazama bahasha. Akafungua rejista, akapitisha kidole, hakukuta kitu. Nikamwambia huenda ni upepo. Ghala halina dirisha.

Gundi alisema, bila kupandisha sauti, kwamba amejua tangu Jumatatu. Bahasha haina miguu ya kushukia ngazi, na katika ghala zima ni rafu moja tu isiyokuwa na vumbi. Nilipomuuliza kwa nini basi hakwenda moja kwa moja kwenye rafu hiyo, alijibu kwamba aliyeiweka ndiye wa kuitoa.

Kisha akaifungua akanisomea. Barua fupi. Ilisema mwenzake amekuwa akipiga mluzi kazini tangu Novemba, na kwamba katika miaka kumi na minane waliyokaa meza mbili zinazogusana hakuwahi kumsikia akipiga mluzi. Kwa hiyo anaiachia Juni. Redio zitangoja.

Nililia. Nilisingizia vumbi, naye akakubali kuwa ni vumbi.

Akaniomba nimwonyeshe hicho ninachokifuata mbali kiasi hicho. Basi nilicheza pale pale kati ya rafu, nimelikumbatia faili la mabomba. Alinitazama jinsi anavyokagua sahihi. Alisema mguu wa kushoto unachelewa. Kisha akapiga mhuri kwenye barua, akaipeleka juu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Nimepewa Juni! Nimeandika kwa herufi kubwa kwenye kalenda ya jikoni. Mke wangu alinizungusha kati ya meza na jiko mpaka sufuria ikaungua, tukala hivyo hivyo, tukicheka. Nimemsimulia kila kitu, isipokuwa sehemu yangu.

Nimejiapiza leo, mbele ya shajara hii: hila basi. Kuanzia sasa mimi ni mtu wa moja kwa moja, kama Gundi. Sijawahi kulala na moyo mwepesi namna hii.

Jumapili, 16 Machi

Jambo dogo tu limetokea, na nimeshalishughulikia.

Jana darasani Mwalimu alitueleza desturi za huko tuendako. Kumbi zao hazina mambo ya mtu na mkewe. Kila baada ya nyimbo chache watu wanabadilishana, na kumng'ang'ania mwenzi wako usiku kucha ni ukosefu wa adabu. Mke wangu alipiga makofi. Daktari wa Meno naye amepata nafasi katika kikundi, eti anakuja na dada yake. Aliinama mbele ya mke wangu akaomba nyimbo za usiku wa kwanza. Akapewa!

Sijafanya ugomvi. Nimeandika barua tu. Inakwenda kwa Mwalimu, kwa jina la mke wangu, kwa mwandiko wa mke wangu, ambao nimeuiga hata nikajivunia. Inasema kwamba kutokana na goti lake, amekatazwa kabisa kucheza na mtu yeyote asiyekuwa mumewe. Nimeifunga vizuri na juu nimeandika SIRI.

Nilitaka kuipeleka mwenyewe, lakini Mwalimu ni mjanja, angenitilia shaka. Kwa hiyo nimempa mke wangu aipeleke.