Ombi la Kutohesabiwa Tena Kuwa Kigari cha Watoto Wawili

Uvira, Ijumaa tarehe 9 Mei

Kwa Shangazi Zaina,
Mwenyekiti wa kikao cha familia kilichochagua kigari,
Kalundu.

Kuhusu: kuchaguliwa kwangu

Shangazi mheshimiwa,

Asalaam aleikum. Kabla ya malalamiko nina jambo la kukiri ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ile kamba uliyokwenda nayo Bujumbura siku ya Jumatano haikuwa na upana wa mlango wa sebule. Ilikuwa na upana wa mlango wa jikoni.

Ilikuwa hivi. Uliniambia, "Weye Sumaya, pima mlango, nijue puseti ya namna gani itapita." Puseti ndicho kigari chenyewe. Nikachukua kamba nikaenda. Sebuleni Baba alikuwa amekaa na wageni wanne wa msikitini, na wote wakageuka kunitazama mimi na kamba yangu. Unanijua. Nilisalimia, nikajifanya nimekuja kuchukua vikombe. Vikombe vilikuwa bado na chai, nikavichukua hivyo hivyo. Kisha nikaenda kupima mlango wa jikoni, maana kule hapakuwa na mtu. Nilijiambia kwamba mlango ni mlango.

Wewe, kwa uaminifu wako wa biashara, ukaitia kamba hiyo ndani ya pochi, ukavuka mpaka wa Burundi pale Kavimvira, ukazunguka soko zima ukiinyoosha mbele ya kila kigari cha viti viwili, na kila kigari kikazidi. Uliporudi ulisema nyumba ya ndugu yako ilijengewa watu wembamba. Baba alicheka sana. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linalonitesa. Leo wanaume walipokwenda sala ya Ijumaa nimepima mlango wenyewe. Kamba ya kweli nimeifunga pamoja na barua hii. Utaona imeizidi ile ya kwanza kwa shibiri moja na vidole.

Baada ya kukiri, naomba ruhusa ya kulalamika. Najua kosa lilianza kwangu, kwa hiyo nitalalamika kwa sauti ya chini na kwa namba, kama tunavyofundishwa shuleni.

Nikumbushe kwanza mambo yalivyokwenda, asije mtu akasema nimezusha. Mama amejifungua kwa kupasuliwa, na daktari amekataza asiinue kitu kizito kuliko Chadia mwenyewe mpaka siku arobaini ziishe. Chadia ana siku kumi na moja. Djamali ana mwaka na miezi tisa, na tangu alipomwona mdogo wake amesahau kutembea. Mama mdogo aliyekuja kutoka Luberizi kutusaidia anarudi Jumapili, shamba lake la mpunga linamngoja. Ndipo ikaonekana kwamba tukipata kigari cha viti viwili cha bei nafuu, Mama atawasukuma wote wawili uani bila kumwinua mtu. Djamali atapanda mwenyewe, kwa kuwa hupanda kila mahali pasipotakiwa. Nami nitaendelea na darasa la sita la sekondari na mtihani wangu wa Dola, ule wa serikali unaotoa diploma. Yalikuwa mawazo mazuri. Nayakumbuka kwa heshima.

Jana baada ya alasiri mkakaa. Vigari vitatu vikaletwa mbele ya kikao katika picha za simu yako. Cha kwanza, ambamo watoto hukaa bega kwa bega, kilikataliwa kwa sababu ya kamba. Cha pili, ambamo mmoja hukaa nyuma ya mwenzake, kina magurudumu matano mahali pa sita, na tena Baba alisema hataki binti yake akue akitazama kisogo cha Djamali. Cha tatu ni kipya, kinatoka Dar kupitia Kigoma, kina hata mahali pa kuwekea kikombe, na bei yake ilipotajwa Mama alifumba macho kana kwamba mshono umemuuma. Ndipo Baba aliposema maneno haya, nayaandika yalivyotoka:

"Juu ya nini tununue kitu iko mu nyumba? Sumaya iko."

Na kikao kikakubali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sikujua kwamba nimo kwenye orodha. Vigari vingine vilifutwa vumbi, vikapigwa picha, vikaulizwa bei. Mimi nilikuwa nimeinama namenya mihogo. Ningejua, ningevaa vizuri. Au ningetoka kabisa nyumbani.

2. Majaribio. Mlinifunga Djamali mgongoni na Chadia kifuani, mkaniambia nitembee hadi mwisho wa ua na kurudi. Baba akaniambia nigeuke, nikageuka. Na wewe, Shangazi, nakunukuu kwa adabu zote, ukasema, "Iko inageuka muzuri kupita ile ya Bujumbura." Nilifurahi kidogo, kwa kuwa sisifiwi mara nyingi. Furaha iliisha nilipogundua kwamba sioni miguu yangu. Njia yetu kutoka nyumbani hadi kwenye lami ni mawe matupu tangu mto ulipofurika ukapita pale, na kituo cha afya anakopimwa uzito Chadia kiko ng'ambo ya mawe hayo. Mtasema hata kigari kitateseka kwenye mawe. Ni kweli. Lakini gurudumu la kigari likivunjika, hununuliwa lingine.

3. Usukani. Kigari huongozwa kutoka nyuma na mtu mzima. Mimi pia naongozwa kutoka nyuma, ila na Djamali, kwa masikio. Akivuta la kulia nakwenda kulia. Jana jioni tulifika mara mbili kwa mama Pétronille, jirani yetu anayeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, bila mimi kukusudia, kwa sababu Djamali hupewa kiganja cha ndagala pale. Mara ya pili mama Pétronille aliniuliza kama nimekuja na godoro langu au nitalichukua kesho.

4. Kukunjwa. Hili ndilo naliona kubwa. Vigari vyote vitatu, hata kile cha magurudumu matano, hukunjwa. Wageni wakifika, kigari hukunjwa kikawekwa nyuma ya mlango, na hakuna anayekiuliza kiko darasa la ngapi, mbona kimya, mbona hakitazami watu usoni. Shangazi, kama kuna kitu kimoja duniani ninachokionea wivu, ni hicho. Kwa kuwa nimechaguliwa, naomba haki ya kukunjwa kama wenzangu. Nyuma ya mlango wa sebule pananitosha.

5. Kigari kikishapakiwa watoto, hakitumwi chumvi.

6. Hakimu. Kaka yangu huyu ana miaka ishirini na mabega mawili, na tangu Januari anangoja kazi akiwa amelala. Kila wiki anakuletea mchele kutoka Sange kwa pikipiki, magunia mawili nyuma na moja mbele, na hajawahi kusema ni mzito. Hata hivyo hakuna aliyempiga picha. Mama mdogo alipotaja jina lake, tena kwa sauti ndogo, Hakimu alijibu, "Minye mwanaume, nibebe bitoto mu barabara, watu waone?" Mkacheka, jambo likaisha. Sina neno. Nauliza tu, kwa kutaka kujifunza, kwa nini mzigo ukiwa mchele ni kazi, na ukiota pua unakuwa aibu.

7. Mtihani. Kama kikao kinavyojua vizuri, insha ya Kifaransa, ile inayofungua mtihani wa Dola, ni Jumatatu tarehe 26 mwezi huu. Arobaini ya Mama itaisha mwezi wa sita. Kuanzia Jumatatu ijayo mimi ni kigari, na kigari hakiingii chumba cha mtihani. Asiyeandika insha hiyo anarudi mwakani kuanza upya, kama mwakani hakutakuwa na mtoto mwingine. Nimejitahidi kutafuta njia. Nimefikiri niende nao wote wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, niandike kwa mkono utakaobaki. Lakini Djamali hula karatasi.

Kwa sababu hizo zote, ombi langu ni dogo, na ni la kiofisi. Shule yetu inamtaka mwanafunzi asiyefika alete barua ya mzazi yenye sababu. Siwezi kuandika kwamba naumwa, maana siumwi, na uongo ni dhambi. Kwa hiyo barua nimeiandaa mwenyewe kwa Kifaransa, safi kabisa, nikaisahihisha mara mbili. Inamwendea Prefe, mkuu wa shule yetu, na kwa Kiswahili inasema hivi: "Bwana Prefe, binti yangu Sumaya hatafika tena darasani, kwa kuwa amekuwa kigari. Tulimlinganisha na vingine vitatu kwa haki, tukaona yeye ndiye wa bei nafuu." Chini nimeacha nafasi ya sahihi ya Baba.

Nakuomba umpelekee wewe. Mimi nikisimama mbele ya Baba, sauti huondoka na kuniacha pale peke yangu.

Akishatia sahihi, naomba pia vitu vinavyokistahili kigari chochote: karatasi ya kubandikwa mgongoni inayotaja uzito wa mwisho ninaoruhusiwa kubeba, kifuniko cha nailoni wakati wa mvua, na mafuta kidogo kwenye magoti kila Ijumaa. Mwisho, naomba kikao kipeleke taarifa msikitini. Tangu mwaka jana Baba anawaambia watu wote kule kwamba binti yake ndiye atakayekuwa wa kwanza wa nyumba yetu kupata diploma. Kuna wazee wanaoniombea dua kila wiki. Si vizuri kuwaacha waendelee, wanachoka bure.

Au, kama kikao kitaona hayo yote ni mengi, kigari cha kwanza, kile cha bega kwa bega, kinapita mlangoni bila kugusa upande wowote.

Wasalimie wote wa Kalundu, wakubwa kwa wadogo, na wale wa dukani kwako. Ukivuka tena, msalimie na yule muuzaji wa Bujumbura aliyevumilia kamba yako asubuhi nzima. Mama anakusalimia akiwa amelala. Chadia hajui bado kusalimia, lakini amepiga chafya nilipotaja jina lako.

Ni mimi binti yako mtiifu, viti viwili, kimoja mbele na kimoja nyuma,

Sumaya Kasongo

Nyongeza. Shangazi, kabla ya kuikunja barua nimeisoma tena, na namba 7 ina uongo. Nimeandika "kama kikao kinavyojua vizuri". Kikao hakijui. Karatasi yenye tarehe za mtihani tulipewa wiki tatu zilizopita tuwapelekee wazazi, na tangu siku hiyo iko ndani ya daftari langu la jiografia. Siku ya kwanza nilitaka kumpa Baba, alikuwa anakula. Siku ya pili alikuwa na watu. Kisha Mama akapelekwa hospitali, na baada ya hapo nikaona haya kwa kuwa nimechelewa, na kila siku niliyochelewa haya ikaongezeka. Baba alidhani mtihani ni wa mwezi wa saba. Aliposema "Sumaya iko", alidhani nitabeba watoto siku arobaini, nitarudi darasani, nitaandika. Nilijua kwamba anadhani hivyo. Nilikuwa nimesimama mbele yake. Akaniambia nigeuke, nikageuka.

Kwa hiyo zifute namba zote. Hakuna kikao kilichonionea, na barua ya Prefe nimeichana. Hata kuhusu Djamali nimezidisha: saa hizi yuko mgongoni amelala, Mama mdogo alikuja kumchukua mara mbili, na mara mbili nimesema mwache. Mzigo si yeye.

Tangu nianze kuandika nimekuwa nikiufunika ukurasa kwa kitenge kila mtu akipita. Sasa zinakuja kandambili za Baba, nazijua, ile ya kushoto huburuta. Zimesimama kidogo kwa Mama, zimeondoka, ziko koridoni. Mkono umekwenda wenyewe kwenye kitenge. Nimeurudisha. Karatasi ya shule nimeitoa kwenye daftari nikaiweka juu ya barua hii, tarehe ikielekea mlangoni. Usihangaike kumwambia chochote, Shangazi. Barua ikikufikia, utakuwa msomaji wake wa pili.