Ukumbi Wenye Paa Kubwa Kuliko Yote

Jumatatu, 2 Aprili 2018

Tumeondoka Penang. Watu watatu. Mimi Khor Seng Teik, miaka sabini na sita, fundi mstaafu wa mashine za bati, kiongozi wa msafara. Binti yangu Siew Hoon. Na shemeji Gim Hock, kaka wa marehemu mke wangu, ambaye sikumwalika. Alikuwa mwalimu. Anasoma kila kitu, hata kopo la maziwa, tena kwa sauti.

Tunakwenda China kwa dada yangu Guat Eng. Hatujawahi kuonana. Baba na mama walimwacha kwa bibi akiwa na miaka mitano, wakavuka bahari, mimi nikazaliwa huku. Baba alikuwa arudi kumchukua. Ikaja vita, likaja hili, likaja lile. Siku anakufa nilimwapia kwamba nitakwenda mimi. Ni miaka arobaini sasa. Nilikuwa na shughuli.

Dada ameandika. Kaburi la bibi analijua yeye peke yake. Magoti yake hayatapanda mlima mwaka mwingine. Nifike Alhamisi, Siku ya Kufagia Makaburi, kabla ya saa sita mchana. Barua alinisomea mzee wa duka la dawa. Simu dada hana.

Bahasha yenye anwani nimeishonea ndani ya fulana. Gim Hock akiiona tu, atajifanya kiongozi! Mimi herufi hizi ninazoandika alinifundisha mke wangu. Za Kichina najua jina la ukoo wetu na namba. Zinatosha kabisa.

Jioni. Ukungu Xiamen, tulikokuwa tutue. Ndege imezunguka kama nzi, ikaenda kutua Fuzhou. Kwenye soksi nilikuwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, zawadi ya dada. Mbwa wa forodha akaja akakaa mbele yangu, akanitazama kwa mapenzi. Nyama imekwenda. Soksi zimekwenda. Afisa, mama mmoja mnene, amenipa kandambili zake za akiba. Zina maua. Namshukuru sana.

Jumanne, 3 Aprili

Treni ya mwendo kasi. Siew Hoon alisema nisishuke popote. Kituo cha tatu nikashuka kuvuta sigara, mivuto miwili tu. Treni ikaondoka bila kuniaga, na binti yangu ndani, na Gim Hock ndani, anapunga mkono! Nina hakika alikuwa anacheka.

Wakuu wa kituo wamenipa tambi za moto na kiti karibu na dirisha. Nikawaeleza jinsi nilivyotengeneza mashine ya bati kwa waya wa uzio. Wakasikiliza hadi mwisho. Siew Hoon amerudi kunichukua saa kumi na moja jioni, macho mekundu. Ameuliza kama nataka kumuua. Nimemwambia bahasha ninayo mimi, kwa hiyo wao ndio waliopotea.

Siku nzima imekwenda. Tambi zilikuwa tamu.

Jumatano, 4 Aprili

Gari la kukodi, bonde la chai, mvua nyembamba. Dereva akauliza kijiji gani. Nikasema kijiji cha akina Khor. Akasema bonde hili lina vijiji vitano, vyote vya akina Khor. Siew Hoon akanyoosha mkono: Baba, lete bahasha. Gim Hock akavaa miwani yake.

Kuvaa miwani kabla hajapewa kitu! Hapo nikakataa.

Nikatumia akili. Baba alisema kila mara kwamba ukumbi wetu wa mababu ndio mkubwa kuliko yote. Nikatazama bondeni. Mmoja ulikuwa na paa kubwa, majoka ya rangi juu yake. Mwingine, ng'ambo ya mto, umezibwa kwa mabati ya mafundi. Nikamwelekeza dereva kwenye majoka.

Tumepokelewa kama wafalme. Fataki. Waliuliza kama mimi ni Khor wa ng'ambo. Nikasema kwani kuna mwingine? Wakamleta bibi kizee mdogo kama kuku, hapa wanamwita Swee Kim, nadhani ndilo jina la dada la nyumbani. Akanishika mkono wa kushoto, akaugeuza, akautazama muda mrefu. Kisha akasema, "Karibu nyumbani, mdogo wangu. Chai tayari."

Nikasema dada, nimekuja. Siandiki yaliyofuata. Moshi wa udi uliniingia machoni.

Tukala bata, tukala chaza, tukala bata tena. Gim Hock akaninong'oneza kuna kitu hakiko sawa kwenye majina ya ukumbini. Nikamwambia wivu utamuua.

Alhamisi, 5 Aprili

Tumepanda mlima asubuhi. Nimefyeka majani kwa jembe kuliko vijana wao. Nimebana karatasi za matambiko kwa mawe juu ya kaburi. Nikapiga magoti nikamwambia bibi kwamba baba anaomba radhi.

Gim Hock akasafisha jiwe kwa kitambaa chake, akasoma. Akasema aliyelala hapa ni mwanamume. Alikuwa na ndevu, imeandikwa, na wake watatu.

Siew Hoon akanisogelea. Alinifungua vifungo vya shati mbele ya watu wote, akachana fulana, akatoa bahasha imelowa jasho. Gim Hock akasoma. Kijiji cha mabati. Ng'ambo ya mto. Saa ikawa nne na nusu.

Nikamgeukia Swee Kim. Nilitaka kumkaripia.

"Nilijua tangu jana," akasema. "Mdogo wangu alikatika kidole cha mkono wa kushoto kabla hajapanda meli. Lakini chai ilikuwa imeshachemka, nawe ulikuwa unalia."

Nikamwambia ule ulikuwa moshi.

Mkwewe wa kike akatupakia kwenye toroli la pikipiki, juu ya magunia ya chai, akakimbiza kama amekasirika. Swee Kim akapanda pia. Amesema akikaa nyumbani atasimuliwa vibaya.

Dada Guat Eng alikuwa kwenye kigoda mlangoni, jembe mapajani. Ana uso wa baba. Uso ule ule, hadi nyusi! Nilikuwa nimeandaa hotuba. Alinitangulia.

"Tangu saa moja nimekaa hapa," akasema. "Nimeona fataki za jirani. Nikajua kuna mpumbavu ameingia nyumba isiyo yake, na mpumbavu huyo ni wa kwetu."

Nikapiga magoti kwenye matope. Nikamwambia baba hakusahau.

"Alisema anakwenda sokoni," akasema. "Miaka themanini na moja. Inuka, saa sita inakaribia."

Nimempandisha mgongoni kwangu, nikambeba mlima mzima. Gim Hock alimbeba sehemu ndogo, kuanzia kwenye mto hadi juu. Kaburi lilikuwa chini ya mti wa matunda, mlongani, limezikwa na majani. Tumelimaliza saa sita kasoro dakika kumi. Dada aliweka kiganja juu ya jiwe. "Bibi, huyu hapa," akasema. "Ana kichwa kigumu kama mwanao. Lakini huyu amekuja."

Hakukuwa na udi wakati huo. Nakubali.

Jumapili, 8 Aprili

Uwanja wa ndege, Xiamen. Anga safi. Nashukuru ukungu, mbwa, mama wa kandambili, wakuu wa kituo. Nashukuru hata Gim Hock, ila sijamwambia. Nilikwenda kwa dada mmoja, narudi nina wawili. Juzi wote wawili walikaa kizingitini wakinicheka hadi meno ya Swee Kim yakadondoka. Uongozi wangu huo! Ningeisikiliza ile miwani, tusingekula bata.

Tiketi nimeshika mimi. Gim Hock alizitaka azisome. Nimemtuma akanunue chai. Siew Hoon yuko chooni. Limetangazwa tangazo refu la Kimandarini, si Kichina chetu. Nimeitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Watu wengi wameinuka na mabegi yao wakaelekea lango jingine. Wamepotea. Mimi nimebaki na abiria wapya wenye makoti mazito na kofia za manyoya.

Sijui wanayapeleka wapi Penang, na joto lile. Wangeniuliza ningewaambia.