Sakafu Iliyozuia Ndoa ya Winifrida

Kasulu, njia ya Manyovu,
Jumamosi, 14 Agosti 1976

Kwa Baba Paroko, Padri Venanti.

YAH: KIZUIZI CHA NDOA KATI YA BINTI YANGU WINIFRIDA NA THARSISI, FUNDI WA ZEGE

Baba Paroko, Tumsifu Yesu Kristo. Nakuandikia kwa heshima zote nikitumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hapa nyumbani ni wazima pia, isipokuwa sakafu.

Jumapili mbili mfululizo umetangaza kanisani kwamba Winifrida na Tharsisi wanataka kufunga ndoa, na kwamba anayejua kizuizi chochote akueleze. Watu wote walinyamaza. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa Kibondo, kazini kwangu kwenye ghala la maharage. Nimerudi nyumbani jana, na kizuizi nimekikanyaga kwa miguu yangu mwenyewe. Nakileta kwako kabla hujatangaza mara ya tatu hapo kesho.

Tharsisi alipokuja kuposa, baada ya Pasaka, sikumsumbua kwa ng'ombe kama wafanyavyo wenzangu. Nilimwambia, kazi yako ni zege, basi nipigie sakafu sebuleni, niione kazi ya mikono yako. Saruji niliitafuta mwenyewe, na Baba unajua kwamba siku hizi ni rahisi kumpata askofu aje kula ugali kwako kuliko kupata mfuko wa saruji. Kijana akapiga sakafu. Siku ile iling'aa hata nilipoinama niliiona pua yangu. Nikampa mkono mbele ya wazee, nikarudi Kibondo nikiwa na moyo mweupe. Tangu hapo, kila nikija nyumbani naikuta hali ya sakafu ni mbaya kuliko nilivyoiacha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nyufa. Ziko nyingi mno. Kuna moja imeanzia mlangoni, ikapita chini ya kiti changu, ikakata kona kama lori linalokwenda Burundi. Nauliza kwa upole: mtu asiyeweza kushikamanisha mchanga na saruji atashikamanishaje koo mbili?

2. Rangi. Zege ninalolijua mimi ni la kijivu. Langu limekuwa la kijani, na likikauka linakuwa kahawia.

3. Harufu. Sebule inanuka zizi. Nilimwendea Mzee Khatibu mwenye duka, aliyeniuzia saruji, nikamweleza kwamba mfuko wake bila shaka ulilaliwa na ng'ombe njiani. Mzee Khatibu aliapa kwa Mungu wake kwamba mfuko ulikuwa safi, akanimiminia kahawa, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna mtu wa kunitazama. Swali hilo nimelisamehe kwa sababu ya ujirani.

4. Nyasi. Nasikia huko mijini zege hutiwa nondo ili lishike. Tharsisi ametia nyasi. Zinaonekana waziwazi, nyingine zimetafunwa nusu.

5. Hili nimelifuta, kwa kuwa mke wangu Pelagia amelisoma akiwa amesimama nyuma yangu akacheka mpaka akakaa chini.

6. Mazao. Pembeni, pale penye mtungi wa maji, umeota ulezi. Baba, mimi ni karani wa ghala. Nazijua mbegu na najua mahali pake, na sebuleni si mahali pake.

7. Hili ndilo zito. Tharsisi amekiri. Jana jioni nilimwita mbele ya nyumba nzima nikamwonyesha hasara yake. Alipiga goti, akagusa sakafu kwa kidole, akakinusa kidole. Kisha akamtazama mama yangu mzazi, Bibi Esteri, aliyekuwa amejikalia akichambua maharage. Akainamisha kichwa akasema kosa ni lake na kazi yote atairudia upya. Hakujitetea hata kwa neno moja! Mtu asiye na hatia hunyamaza hivyo? Winifrida alikimbilia jikoni akilia, na nakiri kilio kile kilinichoma, maana ndiye binti yangu wa pekee. Lakini baba asipolia leo kwa ajili ya sakafu, mtoto atalia kesho kwa ajili ya ndoa. Pelagia naye, badala ya kuniunga mkono, aliniambia nimuulize mama. Mama tangu azaliwe hajashika saruji, anajua nini habari za zege?

Ili usidhani nasema kwa hasira tu, nimebandua kipande cha hilo zege nikakiambatanisha humu ndani. Sisi wa ghalani tukitaka kujua kama maharage yamekauka tunayang'ata. Kwa hiyo nakuomba, Baba, ukitie jinoni kipande hicho. Utaona kinavunjika kama biskuti. Mimi mwenyewe nimekitafuna, na katekista wetu, Stanislaus, amekitafuna pia akakubaliana nami kwamba saruji ilikuwa haba.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo. Ndoa isimamishwe. Kila bwana harusi mwenye ufundi wa zege, Kasulu na Kibondo kote, kwanza apige sakafu, na sakafu hiyo ikaliwe mwaka mzima ndipo aruhusiwe kuoa. Wale waliokwisha kuoa wakaguliwe. Tena nakumbuka kwamba ngazi ya mbele ya altare pale kanisani ilijengwa na Tharsisi huyohuyo. Je, waliopokea Kipaimara wakiwa wamesimama juu yake, Kipaimara chao kimeshika? Mimi na Pelagia tulifungishwa ndoa juu ya udongo mtupu, na ndoa yetu haina ufa mpaka leo, ila huo wa jana.

Nategemea busara yako. Uwasalimie masista wote, mpishi wako, na mzee wa kengele, umwambie mguu wake nauombea. Mama, Pelagia na Winifrida wanakusalimu, ingawa Winifrida bado yuko jikoni na mlango ameufunga.

Ni mimi kondoo wako mwenye masikitiko,

Leonidasi Hatungimana

N.B. Baba Paroko, barua nilikuwa nimekwisha kuikunja. Nilitoka kwenda kuazima gundi ya bahasha kwa jirani. Niliporudi nimemkuta mama amepiga magoti sebuleni na beseni la mavi ya ng'ombe, anasiliba sakafu huku akiimba. Leo ni Jumamosi. Kumbe kila Jumamosi amesiliba, mimi nikiwa Kibondo. Nilipomuuliza alinishangaa sana: "Mwana wanje, mwanangu we, sakafu ya udongo tunaisiliba, hii ya kwako ndiyo ibaki uchi? Wakwe waje waikute haina nguo?"

Nimemwaga ndoo ya maji nikasugua kwa ufagio. Chini yake nimeikuta pua yangu palepale nilipoiacha. Hakuna ufa hata wa kumpitisha sisimizi.

Pelagia alijua, lakini mkwe amseme vipi mama mkwe wake? Winifrida alijua. Tharsisi alijua tangu aliponusa kidole, akaona heri abebe lawama na kurudia kazi nzima kuliko kumwaibisha bibi mbele ya watu. Nimeona aibu, Baba, na katika maisha yangu sijawahi kuona aibu nikiwa na furaha kiasi hiki. Mkwe kama huyu sitampata mwingine, Kasulu wala Kibondo. Kesho tangaza kwa sauti kubwa, na walio nje wasikie. Mama nimemwacha amalizie pembeni penye ulezi, maana tayari alikuwa amechota.

Barua naituma hivihivi kwa kuwa karatasi ilikuwa ya mwisho, na mwenye baiskeli atakayekuletea amesimama mlangoni ananihimiza. Kile kipande, Baba, tafadhali usikitie jinoni. Na kama umekwisha kukitia, basi sukutua, unisamehe, na ujue kwamba hukuwa peke yako. Katekista bado sijamwambia.