Ubao wa Hundi Waingia Mikumi

Tegeni masikio, wana wa Ruhembe na Kidodi, ninyi mnaokata miwa na ninyi mnaoitafuna tu, niwapangie kwa utaratibu habari za Editha binti Paulo, muuza vitumbua, mshinda upepo, ambaye mgongo wake uliokoa elimu.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Gaudiosa, binti wa mkata miwa asiye na shamba, alisomea uuguzi katika chuo kimoja mjini Mikumi, na jina lake lilikuwa limebandikwa langoni: asiyelipa ada ifikapo saa kumi jioni, afungashe virago. Wazazi wa Ruhembe, wenye watoto chuoni na wasio nao, wakachanga ada yote. Fedha ilikuwa tayari katika simu ya mwenyekiti wao, Mzee Lupakisyo, naye alikwisha kutangulia chuoni. Lakini mzee aliapa kwamba kidole chake hakitagusa simu kabla ya mfano wa hundi, ubao mweupe mpana kama mlango, kukabidhiwa hadharani na kupigwa picha.

“Fedha ya simu ni jini,” alikuwa ametamka. “Hupita, na hakuna aliyeiona. Wazazi wametoa jasho. Jasho na lionekane.”

Editha ndiye aliyetwikwa kazi ya kuufikisha ubao chuoni. Konda wa basi aliutazama, akafunga mlango. Ndipo Editha akamwendea Valentino, nahodha wa bodaboda, naye akamwamuru apande kwa kutanua miguu kama askari wa farasi, aushike ubao nyuma yake kwa mikono miwili. Wakatoka kama mshale. Mara likatokea mbele yao lori la miwa, tembo wa chuma, na upepo wake ukaujaza ubao. Pikipiki ikapaa kama tiara, ikatua katikati ya shamba.

Valentino aliibuka na majani masikioni. “Mama, tuukate vipande viwili. Mzee atasoma kimoja, kisha kingine.”

“Mwanangu, nusu ya hundi itatoa nusu ya nesi. Inua pikipiki.”

Saa tisa ilikwisha kupita. Editha akavua kanga ya mabegani, akaubeba ubao mgongoni kama mtoto mchanga, akakaza fundo kifuani. Kisha akaketi upande, miguu pamoja, kama mama yake alivyoketi juu ya baiskeli ya baba yake. Hapo ubao ukatangulia kwa ukingo; upepo uliotafuta uso wake ukakutana na wembe. Lori la pili likapita. La tatu likapita. Editha akarekebisha kilemba.

Saa kumi kasoro dakika sita, akaingia langoni. Alimwamkia mwenyekiti shikamoo bila kugeuka, maana angegeuka, ubao ungemwangusha mhasibu wa chuo aliyesimama kando. Marahaba ikatoka upande wa pili wa ubao.

Gaudiosa akaupokea kwa mikono miwili, akalia nyuma yake, mahali ambapo picha haikufika. Kidole cha mzee kikashuka. Jina likafutwa.

Iandikwe hivyo katika kumbukumbu za nchi ya miwa. Ubao leo ni mlango wa banda la kuku la Editha, na hakuna jogoo anayepita hapo bila kuinamisha kichwa. Nayo kanga ile, yenye maneno “Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi”, siku ile ilisema uongo, lakini fundo lake halikulegea.