Mzimu Wangu Asiwe Mfupi Kuliko Mimi

Mwalimu Mstaafu Romani Haule,
Makambako.

Kwa Ndugu Davis Mgaya,
Mwongozaji wa filamu "Marehemu Hajala".

Ndugu Mwongozaji,

YAH: KUOMBA FILAMU YAKO IONDOLEWE MACHONI PA WATU

Nilikufundisha darasa la nne na la tano, kwa hiyo najua kwamba barua ndefu huisomi bila kuruka mistari. Hii isome yote. Mimi ndiye marehemu wa filamu yako. Nilikufa Julai iliyopita, kwa kujitolea, ndani ya jeneza la kuazima, na Jumamosi nimeitazama kazi hiyo pamoja na mtaa mzima katika ukumbi wa parokia. Nitaanza na mazuri yake, kwa sababu ni machache.

Ukungu ulikuwa mzuri. Ulitanda juu ya miti ya milingoti kwa wakati wake, ukaondoka kwa wakati wake, na katika waigizaji wako wote ndio pekee ambao haukuitazama kamera. Bahati mbaya, ukungu si kazi yako. Mbwa wa Kristofa seremala naye alibweka kwa hofu ya kweli, ingawa nimeambiwa alikuwa akimbwekea mshika kipaza sauti. Mazuri yameishia hapo. Malalamiko ni haya:

1. Marehemu anapumua. Uliamua kuniaga saa kumi na mbili asubuhi, Julai, Makambako, ambako mtu akihema alfajiri hutoa moshi kama jiko la kuni. Nilikuonya. Ulinijibu kwamba kamera haitaona. Kamera imeona. Mvuke unatoka puani mwangu mara tisa, nimehesabu, na watoto ukumbini wakaulizana marehemu anavuta sigara gani.

2. Uso wa mzimu ulipakwa unga wa sembe. Manyunyu yalipoanza, unga ukawa uji, na tangu hapo mzimu alikuwa akijilamba. Damu ya shingoni ilikuwa nyanya. Mbegu zilionekana.

3. Katika hadithi, mzimu huyo ni mimi, niliyerudi nyumbani kwa kuwa sikuachiwa chakula. Mimi nina futi sita. Joackim, uliyempa nafasi hiyo, ananifika kifuani, na suruali niliyozikwa nayo ameikunja mara tatu. Tangu lini kaburi likampunguza mtu? Ulisema hukupata mtu mrefu. Mtu mwenye urefu wangu, mabega yangu na mwendo wangu ni mmoja tu, mdogo wangu Alois wa Ludewa, naye asingeweza kuombwa, kwa sababu utakazozisoma katika namba ya tano.

4. Ulisimamisha turubai mbele ya nyumba yangu, ukapanga viti, ukalipitisha jeneza barabarani juu ya mkokoteni, na hukumweleza mtu. Wewe ni mzaliwa wa hapa, Davis. Turubai likisimama, hakuna anayeuliza. Mtu anabeba kuni, anabeba viazi, anakuja. Kufikia saa tatu nilikuwa na magunia mawili ya viazi, kuni za kunifikisha Pasaka, na akina mama wa jumuiya walikuwa wameshashika wimbo wa pili. Wewe ulifurahi kupata waombolezaji bila kuwaalika. Jirani yangu Feliciana aliangua kilio ambacho ndicho kitu pekee kinachotisha katika filamu nzima. Alipogundua ukweli, hakudai hata kiazi kimoja. Alinitazama tu, akasema, "Mwalimu, wewe tumeshakulilia. Ukifa kweli, tafuta watu wa Njombe." Tangu siku hiyo nikikohoa kanisani, watu huuliza kama nimeanza mazoezi. Kwa maneno mengine, umeninyang'anya kifo changu. Nilikuwa nacho kimoja.

5. Hili ndilo kubwa. Alois na mimi hatujasemeshana kwa miaka kumi na moja, kwa sababu ya milingoti sita iliyokuwa mpakani mwa shamba la baba yetu. Moto kichaa uliiteketeza zamani. Ugomvi haukuungua. Sasa, habari ya msiba hupanda basi, na habari ya kuukanusha hutembea kwa miguu. Saa kumi jioni ulipokuwa ukirudia kipande cha kuaga mwili, Alois aliingia moja kwa moja kutoka stendi, akawasukuma waigizaji wako, akaliangukia jeneza. Alisema, "Kaka, chukua milingoti yako. Amka uichukue, halafu ufe ukipenda."

Sikuamka. Uliniagiza nisifumbue macho hadi utakaposema "Kata", na mimi nimefundisha utii kwa miaka thelathini na minane. Hukusema. Uliisogeza kamera karibu zaidi. Nililala pale nikimsikiliza ndugu yangu akiniomba radhi, nikakosa kumjibu kwa kukosa neno moja kutoka kwako. Uliposema, niliketi. Alois aliufuta uso kwa kofia yake, akasema, "Mimi nimelia kweli," akarudi stendi. Simu zangu hapokei. Jumamosi kipande hicho kilipigiwa makofi marefu kuliko vyote, nami nikatoka nje.

Kwa hiyo naomba filamu isionyeshwe tena popote. Itangazwe kanisani kwamba mimi ni mzima na kwamba bado nastahili kuliliwa. Na kilio cha Alois kikatwe, nikabidhiwe mimi, kwa kuwa si sinema. Ni barua yangu iliyofunguliwa na mtu mwingine. Ukishindwa, basi ulazwe wewe katika jeneza hilo alfajiri moja ya Julai, na shangazi zako wote wapigiwe simu.

Msalimie mama yako, na Asteria mshonaji, aliyenipima sanda kwa usahihi. Mwambie Kristofa kwamba jeneza lake lina msumari kwenye bega la kushoto. Joackim naye msalimie. Hana kosa, ana kimo tu.

Ni mimi, ningali hai,
R. Haule

N.B. Nilikuwa natafuta bahasha, simu ikalia. Ni Alois. Filamu imefika Ludewa kwenye banda la video, naye ameitazama mara tatu. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya pili aligundua kwamba, alipokuwa akilia juu ya jeneza, marehemu alikuwa akitokwa machozi. Kosa hilo sikuliandika katika malalamiko kwa kuwa nilitumaini halikuonekana. Mara ya tatu alitazama ili ahakikishe. Anasema pia kwamba mzimu yule mfupi ni aibu kwa ukoo, na kwamba katika sehemu ya pili atamwigiza yeye. Kwa hiyo usikate kitu, hata moshi. Julai tuko tayari. Turubai lisimamishe palepale, na Feliciana nitamweleza mwenyewe. Ila Alois akilifikia jeneza, nitafumbua macho bila kungoja neno lako.