Dhahabu ya Leya Saba

Jumatatu, 3 Juni

Balaa. Nimeahidi dhahabu.

Nilikwenda Itetemia kumwamkia Mzee Bernardo, baba yake Theodora. Shikamoo, marahaba. Mwaka wa pili huu natuma washenga, na mwaka wa pili huu anajibu kwamba bado anatafakari. Leo akasema Jumamosi yeye na Mama Yustina wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Jubilei ya dhahabu! Wanataka bango lenye majina yao kwa herufi za dhahabu inayong'aa. Akauliza kama nitaweza. Nikasema hata nikiwa nimefumba macho. Basi, akasema, bango likipendeza, siku hiyohiyo atajibu posa.

Sijawahi kutengeneza dhahabu. Stesheneri yangu hapa Kanyenye inatoa kopi na barua za kuomba kazi.

Jumanne, 4 Juni

Siku nzima kwenye kompyuta. Programu inataka leya, yaani picha juu ya picha, kama mikeka iliyotandikwa. Ya chini rangi, inayofuata kivuli, juu yake mng'ao, na kuendelea. Nani ana muda huo? Nimeweka leya moja. Njano, nikaitia weusi kidogo. Imetoka kama jani la tumbaku lililozidiwa na moshi. Mama mmoja aliyekuja kupiga kopi akaitazama, akauliza nani kafariki.

Theodora kapiga simu. Nimemwambia inang'aa hadi nimevaa miwani ya jua. Kisha nimekaa chini ya meza kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa! Batuli, mwenye stesheneri ya ng'ambo ya barabara. Herufi zake zinang'aa kama sufuria mpya. Na ni Mzaramo! Sisi Wanyamwezi na wao ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu wakibeba pembe hadi pwani na wao wakitucheka. Mtani ana ruhusa ya kuchukua kitu cha mtani wake mchana kweupe, na mwenye kitu haruhusiwi kununa.

Nikaingia, nikamuuliza Wazaramo huwa wanaamka saa ngapi, nikabeba flashi yake mezani, nikatoka. Hakununa. Akaniita mpagazi, akasema nibebe tu, ndiyo kazi tuliyozoea. Maskini! Hajui anachopoteza.

Alhamisi, 6 Juni

Faili lina leya saba. Nimefuta majina ya maharusi wa watu, nimeandika Bernardo na Yustina, na dhahabu imekubali! Kivuli, mng'ao, ukingo, vyote vinafuata herufi. Machozi yamenitoka.

Kila leya ina kijicho pembeni, kikizimwa leya haionekani. Leya mbili vijicho vyake vimezimwa. Sikuzigusa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimempelekea faili Yoramu, mwenye mashine ya mabango. Mchana akapiga simu kwamba dhahabu imepauka, na kuna leya mbili zimezimwa, labda ndizo zenye mng'ao. Aziwashe? Nikamwambia awashe zote, mimi si bahili. Akauliza kama nitapita kukagua. Nikasema nina miadi na kinyozi, alipeleke Itetemia moja kwa moja.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwisha.

Bango lilifunuliwa baada ya misa, mbele ya watu wote. BERNARDO NA YUSTINA, dhahabu tupu! Vigelegele. Halafu vikakatika. Chini ya majina, kwa herufi za fedha zenye kivuli kizuri sana, iliandikwa: KAZI HII IMEBEBWA NA MTANI WANGU. ASIPEWE WALI MPAKA ABEBE MIZIGO. BATULI.

Kumbe hiyo ndiyo leya anayoificha kwenye kila faili. Anatujua. Na alikuwepo, amealikwa na Theodora, amekaa mbele.

Wazee wote wakasema utani ni utani. Nikabeba. Viti, masufuria, magunia ya mchele, jiwe la kusagia ambalo hakuna aliyelihitaji. Suti ya kuazima imepasuka mgongoni. Nilipewa wali jua linazama, ukoko mtupu. Mama Yustina alicheka hadi akashikiliwa.

Mzee Bernardo hakucheka. Nilimuuliza habari za posa nikiwa na gunia kichwani. Akasema mtani kuchukua si kosa, kosa ni kumwambia yeye kwamba naweza kutengeneza. Jibu ni hapana. Theodora alikuwa ananipokea viti, na hakunitazama hata mara moja. Mgongo utapona. Hilo sijui.

Jumapili, 9 Juni

Theodora amekuja dukani! Macho yamevimba. Amembembeleza baba yake mpaka akalegea: nikikaa mbele yake nikatengeneza dhahabu kwa mkono wangu, posa itapokelewa. Batuli amekubali kunifundisha, leya moja kwa siku, siku saba. Theodora akasema bado ananitaka, ila hana tena nguvu ya kunitetea, na hii ndiyo mara ya mwisho. Nikaapa. Nikalia. Nililia kweli.

Alipoondoka nikatulia, nikafikiri. Siku saba! Mtu mwenye akili kama yangu?

Nikachungulia ng'ambo. Mezani kwa Batuli, karibu kabisa na mlango, kuna flashi nyingine, nyekundu. Imebandikwa karatasi yenye maandishi makubwa: DHAHABU.

Ameiacha wazi tena. Watu wengine hawajifunzi. Kesho asubuhi nakwenda kumtania.