Mwizi wa Waifai Uani kwa Ma Koku

Jumatatu, 9 Juni

Waifai imekufa tena jioni hii. Wapangaji wote wametoka uani, simu juu, kila mtu anazunguka kama anatafuta kuku wake. Ma Kokushubila mwenye nyumba, sie tunamwita Ma Koku, kaniita kwa jina zima: Lusungu! Hapo nikajua pameharibika. Nikampa shikamoo mbili, hakuitikia hata moja.

Kasema Jumapili mjukuu wake anabatizwa Bukoba, naye ataangalia kwa video. Picha ikiganda kama ilivyoganda kwenye send-off ya binti yake, nihame. Chumba cha uani nakaa bure kwa sababu mie ndiye mtu wa mtandao hapa. Nikitoka, anaingia Rogers, fundi simu wa chumba cha mbele, apafanye karakana. Rogers mwenyewe alikuwa kasimama palepale anatafuna mhogo. Anatafunaga kwa dharau sana yule.

Nikamwambia mama atulie. Humu ndani kuna mtu anakula waifai peke yake. Nitamkamata.

Jumanne, 10 Juni

Dawa imepatikana! Programu ya kukusanya data za mtandao. Inaonyesha nani anavuta nini na kiasi gani. Watu wa mabenki ndio wanaitumiaga. Watu wa mabenki, na mie wa Tandale.

Maelekezo marefu kama Agano la Kale, halafu yote Kiingereza. Nimesoma kichwa cha habari, kikatosha. Nikaiweka kwenye laptopu yangu, kila ilipouliza kitu nikabonyeza ndiyo. Mahali fulani imeuliza kama ipeleke mtandaoni nakala ya kila inachokusanya, bila kupumzika. Ndiyo! Ubahili siuwezi.

Rogers alipita akachungulia. Eti mbona sijaiunganisha na kile kiboksi cha waifai, maana data za watu wote zinapita kule, hazipiti kwenye laptopu yangu. Nikamwambia braza, katengeneze chaja. Wivu mtupu.

Alhamisi, 12 Juni

Imejibu! Mashine moja, asilimia mia. Wengine wote sifuri. Hata Hamida, jirani yangu ukuta kwa ukuta, anayeangaliaga tamthilia za Kituruki mpaka wali unaungua, naye sifuri. Kumbe dada wa watu tunamsingizia bure.

Programu haitaji jina, inataja namba tu, mwishoni ina ishirini na tatu. Hiyo mashine inashusha muvi mfululizo. Za mapigano, zilizotafsiriwa. Nimecheka peke yangu: mwizi na mie ladha moja! Mie pia nashushaga muvi, nawawekea vijana kwenye flashi, ila yangu ni biashara. Haihesabiki.

Nimempa Ma Koku taarifa. Kauliza ni nani. Nikasema upelelezi unaendelea, ila mtu mwenyewe anapenda mhogo.

Jumamosi, 14 Juni

Mtandao umezidi kuwa mzito tangu niweke programu. Mwizi kajua anawindwa, anajilia za mwisho mwisho.

Leo kikao cha wapangaji. Nimevaa shati la kola. Nikawatangazia kwamba kesho namfungia mwizi hadharani, na adhabu nikaitunga mwenyewe: akabidhi ufunguo palepale. Hamida kaona ni kali mno, je, mtu akiwa hana pa kwenda? Nikamjibu sista, huruma ndiyo imetufikisha hapa. Ma Koku kapitisha. Rogers kaunga mkono, tena kanyoosha yote miwili. Wezi wanajuaga kujifanya.

Jumapili, 15 Juni

Siku yangu! Tivii imetolewa uani, Ma Koku kavaa kitenge kipya, Bukoba wako hewani. Ila padri kaganda na jagi la maji mkononi, mtoto kaganda chini yake kaachama. Ma Koku kanigeukia. Macho yake nisiyaelezee.

Nikafungua mipangilio ya kiboksi kwa laptopu, nikaandika ile namba, nikamwambia mwizi aiage simu yake. Nikabonyeza: fungia!

Nikamwangalia Rogers. Simu yake inapiga singeli vilevile. Nikamwangalia Hamida. Mturuki wake analia vizuri tu. Nikaangalia laptopu yangu. Hakuna mtandao.

Nikabonyeza kufungua. Wapi! Nimejifungia nje mwenyewe. Rogers kaja taratibu, kaigeuza laptopu watu waone. Ile namba ni ya laptopu yangu yenyewe. Kasema programu ilikuwa inaiona mashine hii tu, kama mtu anayepanda mzani peke yake halafu anatangaza ndiye mnene kuliko mtaa mzima. Hamida kacheka mpaka kakalia ndoo yenye maji.

Mara padri akasogea! Maji yakamwagika, mtoto akapiga ukelele, picha safi kama tuko kanisani. Ma Koku kapiga vigelegele, uani wote tukampokea. Kumbe muvi zangu na zile nakala ndizo zilikuwa zimeikaba waifai.

Nikawaambia mnaona? Niliahidi kumkamata mwizi, nimemkamata.

Ma Koku kafuta machozi, kakubali kabisa. Kisha kanyoosha kiganja, kaomba ufunguo. Aliyeniombea angalau mkeka wa kulalia ni Rogers, chumbani kwake, kwa sharti nisikisogelee kiboksi.

Jumatano, 18 Juni

Rogers anakoroma. Lakini sifa zangu zimevuka Tandale! Bwana Gaspar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mikocheni, kasikia kuna kijana kakamata mwizi wa waifai mbele ya umati. Dukani kwake nako mtandao unakwenda kwa magoti. Kaniita. Kauliza yule mwizi alikuwa nani. Nikasema siri za kazi hazitolewi.

Safari hii nimekuwa makini. Mtu hujifunza, bwana. Programu sikuiweka kwenye laptopu yangu ng'o! Nimeiweka kwenye kompyuta ya Auleria, karani wa kaunta.

Majibu yametoka hata chai sijamaliza. Mashine moja, asilimia mia. Auleria! Na upole wote ule, na chai yenyewe kanipa yeye. Nimemwambia Bwana Gaspar aitishe kikao kesho. Adhabu aniachie mie.